Sikukata Mpaka Chini

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi, kwa hiyo ndoto yenyewe ilinijia asubuhi yake, nikiwa nimeinamia meza ya maabara na glavu zangu mikononi.

Niseme kwanza kilichoninyima usingizi. Dada yangu Rehema ana saratani ya titi. Alimaliza dozi zake za dripu, uvimbe ukanywea, daktari akachukua kinyama kidogo cha kupima kabla ya kumpasua. Kinyama kile kikaja kwenye maabara yetu, ambako kazi yangu ni kukata sampuli. Nilipaswa kumwachia mwenzangu. Badala yake nikakigandisha kwenye nta mwenyewe, nikakata utando mmoja wa juujuu, nikautazama kwenye hadubini, nikaona safi. Sikungoja jibu la daktari. Nilimpigia dada simu huku nalia kwa furaha: "Umepona!" Naye akakataa upasuaji, akakata tiketi ya kurudi nyumbani.

Sasa Mzee Kombo. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na tulimzika mwaka juzi. Alikuwa mkali kwa jambo moja: sampuli ya mtu aliyekwisha kupata dawa, ikionekana safi, haitolewi jibu. Inakatwa tena chini zaidi, na tena, mpaka nyama ikaribie kwisha kwenye nta. Tulimcheka kwa hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Niliinua kichwa nikamwona amekaa kwenye stuli yangu, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote. Nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Alikuwa anazungusha gurudumu la mashine ya kukatia, na utepe wa nta unashuka, unashuka, unafika miguuni mwangu, unakuwa njia. Ninaifuata. Niko kwenye mtaa wa vijumba vilivyobanana, na najua bila kuambiwa kwamba hivi vijumba ni seli za dada yangu.

Habari zinapita mlango hadi mlango, kama zinavyopita kweli mwilini: amka, gawanyika, simama. Kila nyumba ina mlinzi wake, ile protini ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika ili itengenezwe au ife. Nyumba nyingi zimebomoka. Nafurahi, najisemea dawa imefanya kazi. Kisha naiona moja imesimama, mwisho kabisa. Mlinzi yupo mlangoni, sare yake imenyooka. Namsalimu. Namtikisa bega. Hasikii, hasemi, yupo yupo tu. Ndani kuna mtu amelala, amejifunika gubigubi kanga ya dada.

"Dawa ilipita hapa," Mzee Kombo anasema nyuma yangu. "Iliwaua waliokuwa wakihangaika kugawanyika. Huyu alikuwa amelala."

"Akiamka?"

"Ataujaza mtaa upya."

Namshika miguu. Sina haya, nalia kama mtoto. Namwomba aingie amtoe, maana labda wafu wana nguvu tusizokuwa nazo sisi. Namwambia, nichukue mimi, mzee, dada ana watoto, mimi sina wa kuningojea mlangoni. Anaivuta miguu yake taratibu. Ananiwekea kiganjani kipande cha nta chenye kinyama cha dada, nacho ni kizito mpaka mkono unashuka.

"Hukukata mpaka chini, mwanangu. Nenda kamwambie mwenyewe."

"Nitamwambiaje?" nauliza, lakini hayupo, mtaa haupo, na kuna mtu anagonga kioo cha dirisha la kupokelea sampuli.

Alikuwa dada. Amevaa baibui lake la safari, hotpoti mkononi, anacheka.

"Mdogo wangu, unalala kazini? Nimewaletea vitumbua, wewe na wenzako. Ndiyo shukrani yangu hiyo. Basi langu linaondoka saa nane."

Vitumbua vilikuwa bado vya moto, harufu ya iliki ilinifikia pale nilipokaa. Nilitamani kuvipokea, nimkumbatie, nimwache aende na furaha yake. Wallahi nilitamani.

"Dada, usiondoke," nikasema. "Nilikata juu tu. Chini sijatazama."

"Si ulisema nimepona?"

"Nilisema kwa sababu nilitaka iwe hivyo."

Tabasamu lilimtoka polepole. Aliiacha hotpoti pale dirishani, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa na kuupakata mkoba wake. Nilikitoa kile kipande cha nta kwenye barafu, tunakokiweka kiwe kigumu kabla ya kukata, nikakifunga kwenye mashine. Nikalishika gurudumu, lakini sikulizungusha.

"Haya, kata," dada akasema kutoka kwenye benchi. "Safari hii nangoja hapa hapa."