Mpira wa Magongo Ulioahirisha Hitima

Enzi zetu pale Mtoni, televisheni haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya Baba Nasra kwa maana kwamba yeye ndiye aliyeinunua na yeye ndiye aliyelipia umeme, lakini mambo mengine yote yaliyoihusu yaliamuliwa na mtaa. Ukifika unavua ndala mlangoni, unatoa shikamoo kwa kila mkubwa aliyekaa, mmoja mmoja, hata kama picha inakupita, halafu unatafuta upenyo kwenye mkeka. Watoto mbele, kina mama pembeni karibu na mlango wa uani, wanaume nyuma kwenye mabenchi. Mtoto aliyeinua kichwa akawaziba wenzake alipigwa kofi la kisogo. Hakugeuka kutazama nani kampiga, kwa sababu angeweza kuwa yeyote na wote walikuwa na haki hiyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, televisheni ndiyo kwanza imeingia bara. Vitu vilikuwa vimeruhusiwa kuja, na maduka ya barabara ya Kilwa yalijaa redio za kaseti, viatu vya mtumba na sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuzijua. Baba Nasra alikuwa anauza vipuri vya baiskeli. Siku moja akarudi na boksi kubwa juu ya mkokoteni, na watoto wa mtaa mzima nyuma yake kama harusi. Mkewe alilihifadhi lile boksi juu ya kabati kwa miaka mingi, endapo televisheni ingetaka kurudi kwao.

Harufu ya sebule ile naijua mpaka leo: mafuta ya nazi kwenye vichwa vya watoto, mihogo ya kukaanga na chachandu iliyofungwa kwenye gazeti, na vumbi linaloungua taratibu juu ya mashine yenyewe. Antena ilikuwa uani, juu ya mwanzi mrefu. Upepo ukivuma, kijana mmoja hutoka kwenda kuizungusha, na sebule nzima humwelekeza kwa kelele: "Hapo hapo! Umepita! Rudisha!" Watoto wangu nikiwaeleza hivyo wananitazama kama nawasimulia habari za kuwasha moto kwa vijiti.

Kituo chenyewe kilikuwa kichanga, vipindi haba. Jumamosi alasiri walijaza muda kwa kanda za michezo ya ng'ambo, yoyote iliyopatikana. Mmojawapo ulikuwa mpira wa magongo. Magongo tuliyajua, tulishawahi kuwaona Wahindi wakicheza mjini, kwenye majani. Huu ulichezwa juu ya barafu, wachezaji wamevaa viatu vyenye visu chini na wamejifunga kama magodoro, wakifukuza kitu cheusi kidogo kama kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Ulichezwa ndani ya ukumbi. Kuta, taa, na watazamaji gizani. Hakuna aliyejua nani kafunga mpaka alipowaona wamekumbatiana. Mtaa haukuupenda. Ukianza, Baba Nasra alikuwa anapunguza sauti ili watu wasinzie vizuri.

Halafu Jumamosi moja ikaja kanda nyingine. Mchezo ule ule, magongo yale yale, ila safari hii wamewatoa nje. Barafu ilikuwa imetandazwa katikati ya uwanja mkubwa wa wazi, mbingu juu, mchana wa kijivu, na watu wamejaa majukwaani. Dakika chache tu, picha ikaanza kujaa madoa meupe.

"Chenga hizo," akasema Baba Nasra. "Mtu aende kwenye antena."

Mtu akaenda. Akauzungusha mwanzi mpaka wachezaji wakapotea kabisa, akapigiwa kelele arudishe. Picha ikarudi, na yale madoa meupe bado yanaanguka, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Mengine yalikuwa yametua begani mwa refa.

"Si chenga," akasema Mwalimu Mushi kutoka nyuma. "Ni theluji."

Mwalimu Mushi alitufundisha jiografia shule ya msingi, na kwao ni Marangu. Sebule yote ikamgeukia.

"Kwenu Kilimanjaro ndivyo mnavyokaa?" akauliza Baba Nasra.

"Theluji iko kileleni. Sisi tunakaa chini, kwenye migomba."

"Lakini unaiona."

"Kwa mbali, naiona."

Basi tangu siku hiyo akawa ndiye mtaalamu. Kila jambo la barafu aliulizwa yeye, na kwa kuwa ni mwalimu, hakuweza kusema hajui.

Mchezo wa ukumbini mtaa uliukataa, wa nje ukaupokea siku hiyo hiyo, na nadhani najua sababu. Kule ukumbini tulikuwa tunatazama mchezo tusioujua. Huku nje tulikuwa tunatazama watu wanapata shida, jambo ambalo halihitaji kufundishwa kanuni. Mchezaji akipumua, moshi unamtoka mdomoni kama birika. Wafanyakazi wanaingia na makoleo kuzoa theluji, wakimaliza kona hii, kona ile imeshajaa. Kwenye jukwaa, watu wazima wenye akili zao wamejifunika mablanketi, ndevu zimeganda, na hawaondoki.

"Hawa wamelipa kiingilio?" akauliza Baba Nasra.

"Wamelipa," akasema Mwalimu Mushi.

Baba Nasra akafikiri. "Na nyumbani kwao kuna dari?"

Sie watoto tulikuwa tumekaa vifua wazi kwa joto, feni inazunguka bila faida, na tukitazama wale watu tulihisi kaubaridi fulani. Mama mmoja alijifunika khanga mabegani. Kituo nacho kikagundua, au labda hakikuwa na kanda nyingine. Wakawa wanairudia ile ile, Jumamosi hadi Jumamosi, na mtaa ulijaa kila mara kana kwamba matokeo yangeweza kubadilika. Sie watoto tukamwaga maji ya sabuni kwenye baraza ya saruji tukacheza kwa mabua na kifuniko. Mchezo ulikwisha pale mama yake Nasra alipotoka na sinia la mchele. Hakuanguka palepale. Alikwenda mpaka mwisho wa baraza akiwa wima, akilishika sinia vizuri, ndipo akaanguka.

Habari za theluji zilimfikia Bibi yangu, mama yake baba, tuliyekuwa tunaishi naye. Jina lake Bi Tatu. Alikuwa haendi kwa Baba Nasra. Alisema masikio yake hayataki kelele. Lakini aliposikia kuna mahali pa baridi panaonyeshwa, akaniita.

"Huko kwenye barafu," akaniuliza, "ndiko meli zinakokwenda?"

Nikajua anamuulizia baba mdogo Hamza.

Hamza alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa kibarua bandarini, mcheshi, anavaa shati lisilofungwa vifungo. Aliondoka asubuhi moja akisema anakwenda kazini, na baada ya siku kadhaa wenzake wakaja na taarifa kwamba amezamia meli ya Wagiriki. Vijana wengi walikuwa wanazamia wakati ule, wanajificha kwenye matumbo ya meli na kuibukia popote. Wengine waliibuka. Wengine tulisikia kwamba mabaharia waliwakuta wakawatupa majini. Hamza hatukusikia lolote, mwaka ukapita, na mwingine. Baba alikuwa ameacha kulitaja jina lake. Mwisho ndugu walikaa wakaamua isomwe hitima, aombewe kama marehemu, moyo wa mzee upoe. Ijumaa ikapangwa. Mchele wa pilau ukanunuliwa. Bibi hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba mwanawe hajafa, akaendelea kuchambua mchele huo huo.

Jumamosi kabla ya ile Ijumaa nilimshika mkono tukaenda. Wanaume walisimama wote kumpisha, akapewa kiti cha mwenye nyumba. Hakuwatazama wachezaji hata kidogo. Wao walipofunga goli na sebule ikalipuka, yeye alikuwa ameinama mbele, anangoja picha ihamie jukwaani. Kila ilipohamia, alikuwa anazipitia nyuso moja baada ya nyingine, mdomo unamchezacheza.

"Yule," akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeonyesha mbuzi wake kwenye kundi. "Yule mwenye blanketi jekundu. Hamza yule."

Picha ikawa imeshahama.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Baba alikasirika, kisha akauliza huyo mtu wa jukwaani alikuwa amevaa nini. Kwa bahati kanda ile ilirudiwa katikati ya juma, na alasiri hiyo Baba aliacha kazi mapema, akaja na nguo zake za ofisini, akakaa karibu na mama yake. Sijawahi kuiona sebule ile imejaa namna hiyo. Watu walikuwa madirishani. Hakuna aliyekula mihogo.

Ikafika. Ni sekunde chache tu. Mtu amekaa na blanketi jekundu mpaka kidevuni, kofia mpaka kwenye nyusi. Anafuta pua kwa kiganja, anacheka na jirani yake, anageuza kichwa. Basi.

"Mmemwona?" akauliza Bibi.

Wote tulikuwa tumemwona. Mwalimu Mushi, ambaye alikuwa muungwana, alikohoa kidogo.

"Bi Tatu," akasema kwa upole, "yule mtu mie naona ni Mzungu."

"Amepauka," akasema Bibi. "Baridi yote ile, wewe usingepauka?"

Mwalimu Mushi alimtazama Baba. "Ningepauka," akasema.

Kila mtu sasa alikuwa anamngoja Baba. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikaona vidole vyake vinakunja na kukunjua pindo la suruali. Baba alikuwa karani, mtu wa kusema jambo kama lilivyo. Kwetu ukisema umeshiba na hujashiba, ulikuwa unaambiwa umesema uongo. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Bibi alikuwa amekaa wima, macho yanang'aa kwa mwanga wa ile televisheni, uso wake umekuwa kama wa msichana.

"Mama," akasema Baba, "hitima tuiache kwanza."

Ndivyo hitima ya baba mdogo Hamza ilivyoahirishwa kwa sababu ya mpira wa magongo. Mchele ulikuwa umeshanunuliwa, kwa hiyo Ijumaa pilau lilipikwa kama kawaida, shehe akaja akaomba dua ya msafiri badala ya dua ya maiti. Mwalimu Mushi alikula sahani ya pili bila kushauriwa.

Tangu hapo Bibi hakukosa Jumamosi. Alijua kanda ile kuliko watangazaji. Picha ikikaribia jukwaa lile alikuwa anajitengeneza mtandio. Baadaye kituo kikapata vipindi vingine, tamthilia na ngumi, na ule mpira ukatoweka. Bibi akaacha kwenda. Alisema aliyemtaka ameshamwona.

Hamza alirudi mie niko sekondari. Alitokea tu mlangoni alasiri moja, mwembamba, na begi dogo, ndevu zimeingia mvi kabla ya wakati wake. Mama alidondosha ndoo. Hamza alikuwa Durban muda wote ule. Alikuwa amebeba mizigo, ameuza soksi barabarani, amefungwa kwa kukosa karatasi, ametoka, amefungwa tena. Aliona haya kurudi mikono mitupu, haya zikawa miaka. Theluji hajawahi kuiona hata siku moja. Hayo alimwambia Baba uani, na mie nilikuwa nafua pale pale.

Bibi wakati ule macho yalikuwa yameanza kumpotea. Walipomwingiza chumbani kwake alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa paji, pua, mashavu, kama anayetafuta kasoro kwenye chungu.

"Nilikuona," akamwambia. "Kule kwenye mpira wa barafuni. Wao wanasema si wewe."

Hamza akamgeukia Baba. Baba alikuwa anatazama dirishani.

"Nilikuwa mie, mama," akasema Hamza.

"Kulikuwa na baridi sana?"

"Sana, mama." Akalaza kichwa mapajani kwa mama yake, mwanaume mzima, na Baba akatutoa wote akafunga mlango.

Siku hizi naishi Boko, nina dishi juu ya bati na chaneli ambazo sijazimaliza. Wale watu wa magongo bado wanatolewa nje kwenye baridi mara moja moja, na watangazaji wanasifu kwamba mechi hizo ndizo watu wanazopenda kuzitazama. Watoto wangu hawazitazami. Wana simu. Wanatazama goli moja, tena kipande chake, wanasukuma kwa kidole, linakuja paka. Sebuleni tumekaa wanne na kila mtu anacheka kwa wakati wake.

Binti yangu mkubwa anasoma nchi ya baridi. Hakuzamia, alipanda ndege, na namwona nikitaka. Juzi alinipigia, akaigeuza simu dirishani nione theluji inavyoanguka.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, mwanangu. Inapendeza."

"Haya, baadaye, niko bize," akasema, akakata.

Nikabaki na simu mkononi. Nikasikia hamu ya kumwambia mtu. Nikajitanda khanga nikatoka nje. Mtaa wetu ni mzuri, kuta ndefu, mageti ya chuma, taa za umeme wa jua. Hakukuwa na mtu ila mlinzi wa jirani, kijana mdogo, ameinamia simu yake. Akanipa shikamoo. Nikaitikia, nikasimama kidogo nikingoja ainue kichwa, kisha nikarudi ndani.