Babu Aliiba Maksai, Lakini Aliua?

Kwetu hakuna asiyejua kwamba babu yangu, baba wa baba, alikuwa mwizi wa maksai. Hatujawahi kuficha. Wengine walipewa babu chifu, wengine babu mwalimu. Sisi tulipewa huyo, na hakuna duka la kumrudishia. Aliiba katika mashamba ya walowezi huku Uasin Gishu, akishikwa anatoroka korokoroni, kisha anaiba tena. Kwenye matanga wazee humsimulia tukacheka hadi machozi.

Nilicheka nami, mpaka binti yangu alipoleta mchumba.

Wazee wa upande wa kijana walikuja kwangu Yamumbi. Ni watu wa magharibi kama sisi, na kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hajatajwa, koo huulizana: kwenu kuna wachawi? Kuna damu kati yetu? Nilipomtaja babu, mzee wao akasema, "Huyo ndiye aliyemuua baba yangu mdogo. Alikuwa anachunga ng'ombe wa mzungu. Maksai waliondoka, na yeye hakuonekana tena. Tukazika mgomba."

Ndivyo tunavyofanya. Mtu akipotea huko mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, watu wakalia, mambo yakaisha. Ila damu haiishi. Koo zenye damu kati yao hazioani, wala hazili sahani moja. Wageni wakainuka bila kugusa kuku. Nilikuwa nimechinja watatu. Walipotoka nikahesabu kuku: watatu. Nikahesabu tena, labda mgeni mmoja alikuwa amenionea huruma akala. Watatu.

Binti yangu hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Baba, kama aliua kweli, nitamwacha kijana wa watu mimi mwenyewe. Lakini nataka kujua."

Mimi nauza viatu vya mitumba mjini Eldoret. Mtu akiniambia kiatu ni ngozi, nakikunja, nakinusa, halafu naamini nusu. Sasa habari ya babu ningeibebaje bila kugeuza soli?

Binti ni nesi, na mwenzake mmoja alimwambia kuna maktaba Chepkoilel yenye magazeti ya zamani ya walowezi, pamoja na sensa za vibarua wa mashamba. Siku yake ya mapumziko tukaenda. Yeye alisoma Kiingereza, mimi nikageuza kurasa. Yale magazeti yalijali magonjwa ya ng'ombe na bei ya mahindi kuliko watu. Babu tulimkuta chini ya tangazo la plau: mwizi sugu ametoweka na maksai kumi na wawili, mchunga ng'ombe haonekani, inahofiwa ameuawa.

"Inahofiwa," nikasema. "Hiyo siyo ameuawa. Hiyo ni bei ya kuanzia."

"Baba, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni sokoni. Soma."

Gazeti la wiki iliyofuata lilikuwa na maneno ya mlowezi mwenyewe: mchunga ng'ombe akipatikana hai, atafungwa, kisha atafanya kazi bila mshahara mpaka maksai wote walipwe. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Ungekuwa wewe, ungerudi?"

"Ningekimbia hadi Uganda," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wageni waondoke nikaona meno yake.

Basi tukaacha kutafuta maiti, tukaanza kutafuta mtu anayekimbia. Kijana alimpigia mzee wao simu kuuliza jina kamili la marehemu na alama zake. Jibu likaja: jina, na kwamba kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikatwa na panga akiwa mtoto. Tukageukia zile sensa, zilizoandika hata alama za mwili, shamba baada ya shamba. Na kwenye shamba moja la upande wa Kitale, katika sensa iliyofanywa baada ya wizi ule, alikuwepo: jina lake, jina la babake, ukoo wake, kidole hakipo. Mke mmoja. Mtoto mmoja.

Nililinganisha tarehe mara mbili, halafu nikaketi sakafuni. Babu alikuwa mwizi tu. Mwizi! Sikujua neno hilo linaweza kumshusha mtu mzigo mabegani namna hiyo.

Tulipeleka fotokopi kwa wazee. Mzee alivaa miwani, akasoma, akamwita dada yake mkubwa.

"Kama alikuwa hai, mbona hakurudi nyumbani?" akamuuliza.

"Angerudi vipi, kama alisikia tumeshamzika?" yule mama akamjibu. "Mtu aliyezikwa aje bomani na miguu yake, nani angemfungulia? Wewe ungekuwa wa kwanza kupiga mayowe."

"Kwa hivyo mimi niliulilia mgomba."

"Na uliulilia vizuri. Ulishikwa na watu wawili."

Nyumba nzima ikacheka. Mzee alipanguza miwani. "Kuna watoto wetu Kitale," akasema taratibu, "na hatujui hata sura zao." Kisha akanigeukia. "Haya, mzazi mwenzangu. Tuongee ng'ombe. Sisi tuna wanne."

Wanne! Kwa nesi! Sijawahi kufurahia bei mbaya kiasi hicho, nilitaka kumkumbatia. Lakini kazi ni kazi.

"Mzee," nikamwambia, "na ni babu yangu mnayemwita mwizi?"