Mkono wa Mfano

Jirani yetu muuza losheni hujipaka mkono wa kushoto tu. Wa kulia ameuacha ukakamae makusudi, ili wateja walinganishe. Ukimsalimia umekwisha: anakushikisha yote miwili. Mimi humtania, "Shangazi, wa kulia utakushtaki!" Hucheka, kisha huniuliza nitajiunga lini. Kampuni inataka awe na angalau muuzaji mmoja chini yake, la sivyo inamfuta. Jana huyo mmoja, mdogo wake wa tumbo moja, alimrudishia boksi la losheni: "Dada, mimi basi. Hata mume wangu akiniona anajifanya amelala." Shangazi alilipokea, akalipangusa vumbi, akamuaga vizuri. Akabaki mlangoni akijitazama mikono. Nikajua sasa atalia. Kumbe anakuja kwangu. "Mwanangu, lete mkono." Akanipaka mmoja tu. "Wa pili utakuja kuniomba mwenyewe."