Shamba Lisilo na Mgomba

Siku ya kwanza nilipomwona Mzee Alois alikuwa anang'oa kabichi zake mwenyewe, kabichi changa ambazo bado hazijafunga. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka juzi. Nilikuwa nimepanda Lumbizi, kitongoji cha juu milimani, na watu wawili, afisa ardhi kutoka wilayani na mtendaji wa kijiji, kijana anaitwa Baraka. Mimi ni fundi mwashi, nakaa Mwembesongo, na nilikuwa nimechaguliwa kujenga madarasa yatakayowekwa huko juu. Siku hiyo kazi yangu ilikuwa ndogo, kushika ncha ya futi kamba.

Gari liliishia kwenye daraja la magogo. Kutoka pale tulipanda kwa miguu kwa muda wa karibu saa mbili, na tulipofika afisa ardhi alikaa kwenye jiwe akavua viatu. Mzee Alois alikuwa amevaa mabuti ya mpira na shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda misa. Aling'oa kabichi moja moja akiziweka pembeni, ili futi ipite.

"Mzee Alois, acha bwana," Baraka akamwambia. "Futi inapita juu ya kabichi."

"Ikipita juu inapinda. Nyie pimeni sawasawa, isije ikaonekana eneo halitoshi."

Lumbizi yote ni mteremko. Chungwa likikuponyoka mlangoni kwako unakwenda kuliomba kwa jirani. Mahali tambarare palikuwa pale tu, kwenye shamba la Mzee Alois, na serikali ilikuwa imesema italeta shule shikizi, yaani madarasa mawili kwa watoto wadogo wanaokaa mbali na shule yenyewe. Watoto wa Lumbizi walikuwa wanashuka mpaka chini na kuvuka mto kila asubuhi, na masika ikikolea hawaendi. Mzee alikuwa anaishi na mjukuu wake mmoja, Catherine, mtoto wa miaka sita. Mke wake alishafariki na mama wa huyo mtoto yuko Dar es Salaam. Catherine alikuwa aanze darasa la kwanza Januari inayofuata. Ndiyo sababu mzee alisimama kwenye mkutano wa kitongoji akasema, shamba chukueni langu.

Nilipokuwa nashika futi niliona kitu kimoja. Huko Uluguru kila shamba lina migomba, au kahawa kidogo, au mparachichi pembeni wa kukaa chini yake mtu akichoka. Shamba la Mzee Alois halikuwa na mti hata mmoja. Kabichi, karoti na maharage, basi. Nilitaka kumuuliza, lakini mimi si mtu wa maneno.

Tulipokuwa tunapima kona ya mwisho akapita mama mmoja na tenga la karoti kichwani, anashuka sokoni. Huyo ni Bi Scholastika, binti wa shangazi yake Mzee Alois. Kwa Waluguru hao ni watani. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba wanaweza kuambiana neno lolote, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

"Ee Alois!" akaita bila kutua tenga. "Mpangaji wangu! Nasikia unagawa nyumba ya watu?"

"Pita zako, kikongwe," mzee akamjibu. "Karoti zako zenyewe zimekonda kama miguu yako."

"Miguu yangu inasimama kwenye ardhi ya mama yangu. Yako inasimama wapi?"

Watu wote wakacheka. Baraka alicheka mpaka akaangusha kalamu. Mzee akasema, "Mnamsikia? Miaka hamsini ananiambia hivyo hivyo, na kodi hajawahi kuja kudai."

Mama yule akasimama. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wengine, nimeinama na kigingi, nikamwona uso.

"Alois," akasema kwa sauti ya chini, "hata mgomba hukuruhusiwa. Sasa unapanda shule?"

Wakacheka tena. Mama hakucheka. Alizungusha tenga, akaondoka bila kuaga. Mimi niliona kwamba maneno ya mwisho hayakuwa utani, lakini nilijiambia, wewe umekuja kushika futi, mambo ya Waluguru unayajulia wapi.

Baada ya hapo Baraka akatoa fomu ya kuridhia kutoa eneo.

"Mzee, shamba hili ni la kwako?"

"La kwangu. Nalima hapa tangu mwaka wa sabini na mbili."

"Hakuna mwenye madai?"

"Nani? Umemsikia mwenye madai, kaenda kuuza karoti."

Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, kama nilivyofundishwa mimi pia darasa la pili. Walihitaji mashahidi wawili. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Baraka akanipa kalamu akasema, "Fundi, weka na wewe, tusirudi tena huku juu." Nikaandika Luqmani, na namba ya simu.

Tulianza kazi mwezi wa tatu. Utaratibu ulikuwa kwamba mawe na mchanga vinatoka kwa wananchi, saruji na bati vinatoka serikalini. Kila Jumapili baada ya misa watu walishuka mtoni wakarudi na mawe kichwani, wanawake kwa wanaume. Saruji ilibebwa kutoka kwenye daraja, mfuko kwa mfuko. Mimi na wasaidizi wangu tulilala kwa Mzee Alois. Nyumba yake ilikuwa pembeni mwa shamba, na Catherine ndiye aliyetuletea uji asubuhi, akimwaga nusu njiani.

Hapo ndipo nilipomjua mzee. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo. Mama yake alirudi kwa ukoo wake upande wa Mgeta, akaolewa tena huko. Mtoto akabaki kwa shangazi, dada wa baba. Shangazi akamwonyesha lile shamba akamwambia, lima ule. Akala miaka yote hiyo.

Jioni moja nikajikaza nikamuuliza kuhusu miti.

"Shangazi alinikataza," akasema. "Huku kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Hapa ni kwa ukoo wa baba yangu, mimi nakaribishwa tu. Mkaribishwa hapandi mti, maana mti unasema mimi nipo hapa siku zote. Na kila mwaka baada ya mavuno unapeleka kuku na maharage kidogo kwa mkuu wa ukoo. Tunaita ngoto."

"Na bado unapeleka?"

"Nimpelekee nani? Shangazi kafa. Mkuu wa ukoo sasa ni Tomasi, kaka yake Scholastika, anakaa Ngerengere. Nilipeleka mwaka mmoja sikumkuta, kuku nikamla. Mwaka uliofuata nikaacha. Hakuna aliyeuliza." Akacheka. "Lakini mgomba sijapanda, fundi. Nilizoea hivyo."

Nilikumbuka uso wa Bi Scholastika. Nilitaka kumwambia, mzee, nenda Ngerengere sasa hivi, nenda na kuku wawili. Nikafikiri, saruji iko ndani, mitaro imechimbwa, jina langu liko kwenye fomu. Nikasema tu kwamba usiku umekuwa baridi.

Msingi ulikamilika mwezi wa tano mwanzoni. Tulimwaga zege juu, na watu walipiga vigelegele. Wiki iliyofuata ikaja barua ya kusimamisha kazi, maana ukoo ulikuwa umelalamika.

Bwana Tomasi alipanda mwenyewe, mzee mrefu aliyestaafu reli, na fimbo. Tulikaa kwenye mawe ya msingi kwa sababu hapakuwa na pa kukaa pengine. Nilidhani atafoka. Hakufoka hata kidogo.

"Ukoo haukatai shule," akasema. "Wajukuu zetu ndio watakaosoma. Lakini ardhi inatolewa na mwenye ardhi. Dada zangu wako Dar, wako Kilosa, hakuna aliyeulizwa. Ukoo ukae kwanza."

"Mtakaa lini, babu?" Baraka akauliza. "Fedha hizi mwisho tarehe thelathini Juni. Zisipotumika zinarudi."

"Wewe unahesabu Juni. Mimi nahesabu watu. Wakipatikana wote tutakaa."

Mzee Alois akasimama. "Tomasi, ndugu yangu, mbona Scholastika alinipita hapa hapa nikipimiwa? Angeniambia."

Bi Scholastika alikuwepo, amekaa nyuma ya kaka yake. "Nilikuambia, Alois."

"Ulinitania!"

"Ningekuambia kwa mdomo upi mwingine? Miaka yote huo ndio mdomo ninaozungumza na wewe."

Hapakuwa na aliyecheka. Mzee alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nikatazama mwiko wangu.

Ukoo ulikaa mwezi wa nane, wakakubali wote, wakaweka saini zao, shamba likawa la shule. Lakini Juni ilishapita. Saruji iliyobaki ilishushwa mpaka kwenye daraja lile lile, na bati ambazo zilikuwa hazijafika zikapelekwa kijiji kingine ambacho eneo lake halikuwa na maneno. Lumbizi ikaambiwa isubiri bajeti ijayo.

Kwenye kikao hicho cha ukoo Mzee Alois aliniomba nimsindikize, kwa kuwa nilikuwa shahidi wa karatasi. Alibeba jogoo mkubwa na debe la maharage. Aliviweka mbele ya Bwana Tomasi, akapiga magoti, mzee wa umri ule.

"Nimekosa. Nimeleta ngoto za miaka niliyoacha. Shamba limekwenda shule, sawa, naomba mnionyeshe mahali pengine pa kulima."

Tomasi alimtazama pale chini. Alikuwa anamwonea huruma, niliona. Akasema, "Alois, ungekuja kwanza, ukoo ndio ungetoa shamba, na mtu wetu aliyehamishwa tungempa mahali pengine. Ndiyo desturi. Lakini wewe umetoa kama mwenye mali. Umeandika, la kwangu, hakuna mwenye madai. Mwenye mali akitoa mali yake, nani amfidie? Nikikupa, kesho kila mkaribishwa atagawa shamba lake kisha aje achukue lingine."

"Na nyumba?"

"Nyumba kaa. Hakuna anayekufukuza."

Jogoo walimpokea. Tulipotoka Bi Scholastika alitufuata mpaka njiani. Nilifikiri sasa atamtania, nilitamani amtanie. Akasema, "Kwaheri, Bwana Alois. Msalimie mtoto." Bwana Alois. Mzee alitembea mbele yangu mpaka tunafika bila kugeuka.

Akajaribu kwa Baraka. Nilikuwepo siku hiyo pia, nilikuwa nimefuata koleo zangu ofisini kwake. Mzee aliomba kitu kidogo tu, apande maharage kuzunguka msingi wakati shule inasubiri fedha.

"Mzee wangu, siwezi," Baraka akasema. "Lile sasa ni eneo la shule. Wakija kukagua wakakuta maharage, mimi ndiye nitaulizwa."

"Wakija lini?"

"Hata mimi sijui. Ningejua ningekuambia."

Akamwonyesha taarifa waliyopeleka wilayani, labda alidhani itamfariji. Mzee alisogeza karatasi dirishani akasoma kwa kidole. Ilisema Lumbizi eneo limepatikana, ujenzi unaendelea, hatua ya msingi, asilimia thelathini.

"Unaendelea?" mzee akauliza.

"Ndivyo inavyoandikwa, mzee. Haijafutwa, kwa hiyo inaendelea."

Na Baraka si mtu mbaya. Alimpa mzee nauli ya bodaboda kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Mimi nimelitazama jambo hili upande wa kila mmoja wao, nikashindwa kumpata mtu wa kumchukia. Ningempata ningelala vizuri zaidi.

Mzee alianza kulima vibarua kwenye matuta ya watu. Huko matuta yako juu ya matuta kama ngazi, na yeye alishavuka sitini na tano. Mwezi wa kumi na moja mgongo ulikataa. Majani yalishaota kwenye msingi wetu mpaka kiunoni, na juu yake lipo bango la bati lenye jina la shule.

Januari nilipanda tena kwa sababu ya kazi nyingine, kutengeneza sakafu ya kanisa dogo la kigango. Nikakutana nao kwenye njia, chini ya Lumbizi kidogo. Mzee alikuwa na mabuti yale yale na godoro limefungwa kamba mgongoni. Catherine alitangulia, amebeba sufuria kichwani kama kofia, anaimba. Yule mtoto alikuwa aanze shule wiki ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Unapanda, sisi tunashuka."

"Safari ya wapi?"

"Mgeta. Kwa ukoo wa mama yangu. Ardhi yangu ya haki iko huko." Akapumzisha godoro kwenye ukingo wa njia. "Haki ninayo. Ila sijakanyaga huko tangu tumzike mama, na waliokuwa wananijua wamekufa. Haki ninayo, sura yangu hawaijui."

"Umewatumia habari?"

Akatikisa kichwa. Nilitaka kusema neno, kuhusu ile siku ya kupima, kuhusu uso niliouona. Badala yake nikamnyanyulia godoro, nikamkazia kamba begani.

Akashika mkono wangu, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa anatusubiri kwenye kona ya njia, akasema kwa sauti ya chini:

"Nimemwambia wanatusubiri. Kwa hiyo ukimsalimia, fundi, usimuulize kitu."