Ukuta wa Dobi

Dobi alifua mashuka ya hospitali miaka nenda miaka rudi, hata mto wake wa kulalia ulinuka dawa. Ndiyo maana alipofiwa na mumewe alimwomba mtunza bustani wa hospitali kijiti cha mmea wa kutambaa, akakipanda chini ya ukuta wa uani. Kikakwea kamba mpaka kikaufunika ukuta wote. Maua yalichanua meupe, yakageuka manjano, na jua likizama harufu yake tamu iliingia hadi chumbani. Nyuki wakaja. Chozi, kale kandege kenye mdomo uliopinda kama sindano ya godoro, kakaning'iniza kiota humo.

Jioni moja alitoka kazini akakuta ukuta mtupu, mweupe pe. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na ufunguo wa akiba, yuko juu ya ngazi na brashi mkononi. Binti wa huyo mdogo wake alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Dada, nimekusafishia! Maharusi watapigia picha hapa."

"Nani kakutuma?"

"Majani tu hayo. Yanaleta nyoka."

"Umemwona nyoka?"

"Sijamwona, lakini…"

"Basi panga lako lilimtafuta nani?"

Dobi akaenda kwenye lundo la majani yaliyokatwa nje ya geti, akafukua kwa mikono. Kiota kilikuwa kimebonyea, makinda mawili ndani yamekufa. Akarudi nacho kiganjani.

"Shuka!"

Akashuka. Wakati huohuo chozi akaja na mdudu mdomoni. Akapapatika mbele ya rangi mbichi, akaondoka, akarudi tena, mdudu bado mdomoni.

"Mtazame," Dobi alisema. "Usiondoke mpaka yeye achoke."

Mdogo mtu akaweka brashi chini. "Nisamehe, dada. Nitakununulia mmea mwingine."

"Utaununua na watoto wa huyu ndege?"

Jumamosi picha zilipigwa barabarani. Dobi alipiga vigelegele kwa ajili ya mwali, maana mtoto hakuwa na kosa, lakini baba mtu alipomletea sahani ya chakula aliiacha ikapoa. Shangazi yao akamnong'oneza, "Mwanangu, damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo maana ikichemka haipoi upesi," akajibu.

Siku hizi salamu ya mdogo wake anaiitikia. Ufunguo wa geti aliomnyang'anya jioni ile hajamrudishia.