Abiria Wangu Hakuwa na Helmeti

Najua mtacheka. Wenzangu kazini wanacheka hadi leo, na mume wangu akinisikia tu naanza, huinuka kwenda kuosha vyombo. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nimelala nikashiba na akili zangu timamu. Nani kawaambia mizimu hungoja usiku?

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa naishi Agincourt, mwanamke wa Tanga mwenye pikipiki, jambo lililowatoa macho Waswahili wote wa Toronto. Mama yangu kwenye simu aliiita jeneza. Aliyeipenda ni rafiki yangu Hansa peke yake, Mhindi ambaye wazazi wake nao walitokea Tanga. Alikuwa na nadhiri: mkufu wake wa ndoa ubarikiwe katika mahekalu matano kabla hajavishwa. Basi kiangazi chote tukazurura vijijini, kutoka mji mmoja wenye hekalu hadi mwingine, mahindi kulia, mahindi kushoto, yeye nyuma yangu anaimba kwa sauti yake mbaya. Nilifurahi mimi, acheni tu.

Mkufu ule una shanga nyeusi, na kwao bwana harusi asipomvisha bibi harusi hakuna ndoa. Usiku wa mwisho mkufu ulilala hekalu la tano, kwa kuhani. Siku ya harusi nikapewa kazi moja tu: niuchukue asubuhi, niufikishe mji wa pili, kwenye hekalu la harusi, kabla ya saa nne na nusu. Hiyo ndiyo saa njema waliyopewa na mnajimu wao. Ikipita, ndoa ingoje miezi minne. Na bibi yake Hansa, mjane wa miaka themanini na kitu, moyo wake haukuaminika hata kwa wiki mbili. Alichokuwa akiomba ni kuiona harusi ile tu.

Niliondoka saa tatu, mkufu kifuani ndani ya jaketi. Huko mbele barabara imefungwa, wanachimba. Nikachepuka. Ukungu ukashuka, simu haina mtandao, kila njia panda inafanana na mwenzake. Saa nne kasorobo nilikuwa nimerudi kwenye ghala lile lile jekundu kwa mara ya tatu. Nikazima pikipiki, nikalia.

Hapo ndipo nikamwona. Mzee wa Kihindi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, amesimama kando ya mahindi ananipungia mkono. Akanijulia hali kwa Kiswahili, tena kile cha mitaa ya Ngamiani, kwetu Tanga! Unalia katikati ya mahindi ya Kanada, mara unaulizwa, "U hali gani, mwanangu?" Ungefanyaje? Akasema naye anakwenda harusini, kachelewa, na njia anaijua. Nikajua ni mgeni aliyeachwa na gari. Nikamwambia sina helmeti ya pili. Akasema hilo lisinisumbue, akapanda.

Pikipiki haikubonyea. Niliona, lakini nilikuwa na haraka. Na mzee ana maneno huyo! Kata kushoto, mwanangu, halafu hadithi ya duka lake la vitambaa. Kata kulia, halafu hadithi ya fundi cherehani aliyemshonea bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi. Nilicheka mpaka nikasahau kulia.

Ghafla, taa za polisi nyuma yetu. Nikasimama, roho mkononi. Kubeba abiria bila helmeti kule si mchezo. Askari hajafungua mdomo, mimi nimeshaanza kujitetea: huyu ni mzee tu, nimemkuta hapo nyuma, tunawahi harusi, tuhurumie. Askari akatazama nyuma yangu. Akanitazama mimi. Akatazama tena.

"Mzee gani, mama?"

Kumbe alinisimamisha kwa sababu taa yangu ya nyuma ilikuwa haiwaki. Akanishauri nitafute mahali ninywe kahawa, nipumzike, akaniachia. Nikabaki nimeshika usukani. Kugeuka sikuthubutu.

"Saa inakwenda, mwanangu," sauti ikasema nyuma yangu, kwa upole ule ule.

Jamani, niseme nini? Nikimkimbia, njia siijui, na saa njema itapita. Nikawasha, nikaondoka huku nasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kwa woga nikaruka mahali. Mzee akanikumbusha nilipopasahau. Akasema jirani yake Ngamiani alikuwa akiisoma kila alfajiri, wakati yeye anafungua duka. Wallahi hofu ikanitoka. Tangu lini jini akakusaidia kusoma aya ya kumfukuza yeye mwenyewe?

Tuliingia uani pa hekalu saa nne na dakika ishirini na mbili. Ngoma zinalia, kaka yake Hansa akaupokea mkufu akatimka nao ndani. Bibi alikuwa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu. Hakunitazama. Alitazama nyuma ya bega langu, kwenye siti tupu, akakunja uso.

"Hata leo umechelewa," akasema kwa Kiswahili. "Miaka arobaini na mbili ya ndoa, hujawahi kufika popote kwa wakati. Haya ingia, mjukuu wako anakungoja."

Kisha akanishika mkono, akanishukuru kwa kumleta mumewe. Mumewe alifariki mimi ningali shule ya msingi, Tanga. Hansa akavishwa mkufu kwa saa yake, na Bibi muda wote anamnong'oneza mtu kwenye kiti cha pembeni yake, anacheka mpaka anafuta machozi. Kiti kile hakuna aliyethubutu kukikalia. Nami nilicheza siku hiyo hadi viatu vikanishinda.

Bibi alipata miaka mitatu zaidi. Hansa ana watoto wawili. Mimi bado naendesha, na nikipita barabara zile peke yangu natoa salamu kwa Kiswahili, kwa sauti. Mara mbili nimeitikiwa.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye pikipiki: mzee wa suti ya kijivu akikupungia mkono kando ya mahindi, usimpite. Mpakie, na hadithi zake msikilize huku mnakwenda, usisimame. Mkewe hapendi kungojeshwa.