Jicho la Mama Tope

Kazi ya Mama Tope, ukimweleza mtu asiyeijua, atadhani unamtania. Alikaa chumba cha mwisho cha ofisi yetu, kule korido inakoishia, baada ya stoo ya ndoo na mifagio, jicho kwenye hadubini, akichambua tope. Alilichambua kama mtu anavyochambua mchele, ila mchele wake huwezi kuuona bila mashine.

Mimi nilikuwa dereva. Niliwapeleka wakubwa kwenye mikoko, wanadidimiza bomba la chuma ardhini, wanalivuta, linatoka na mche mrefu wa tope jeusi linalonuka yai viza, nao wanaushangilia kama mtoto mchanga. Walinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa. Tope la juu ni la juzi, la chini ni la enzi ambazo hata babu wa babu yako hakuwa amezaliwa. Ndani yake mna vigamba vya vidudu, vidogo kuliko punje ya chumvi. Aina hii huishi pale maji yanapofika kila siku, aina ile huishi kule juu ambako bahari hupita kwa nadra, kama shemeji aliyetajirika. Ukijua vigamba gani viko kwenye tope la kina gani, unajua zamani bahari ilisimama wapi. Na ili ujue zamani ya lini, unatafuta jani lililofukiwa humo, linapelekwa ng'ambo kupimwa umri.

Jani, siyo mzizi. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya chumba kile. Jani hulala pale lilipoangukia. Mzizi ni mtoto wa jana, unatoka juu, unapenya mpaka chini kwa wazee na kujikalia kama vile ulialikwa. Ukiupima, umepima umri wa mgeni ukamwacha mwenye nyumba.

Mama Tope alikuwa mjane, na mwanawe mmoja tu anaishi mbali. Kule chumbani aliongea na vigamba. "Wewe umetokea wapi? Haya, kaa na wenzako." Siku ya kwanza kumpelekea chai nilisimama mlangoni nikingoja mgeni wake aondoke. Kila jioni nilimshusha getini kwake.

"Asante, dereva."

"Haya, dada. Kesho."

Miaka yote maongezi yetu yalikuwa hayo.

Sasa siku hiyo majibu ya umri yakarudi. Daktari wetu, ambaye ni daktari wa matope, ukiumwa usimfuate, akaja chumbani mimi nikiwa natoa vikombe.

"Mama, hili tope la chini kabisa limekuwa kijana kuliko la juu yake. Bahari yetu ilipanda kichwa chini miguu juu?"

Mama Tope aliomba kipande kilichobaki cha lile jani lililopelekwa kupimwa. Akakiweka chini ya hadubini, akakaa nacho muda mrefu, akabadilisha jicho, akakaa tena.

"Ni mzizi," alisema. "Mimi niliona jani."

"Wewe? Unachanganya jani na mzizi?"

"Jicho la kulia lina ukungu. Nilidhani ni lenzi. Nimeifuta hiyo lenzi mpaka nikaionea huruma."

Daktari si mtu mbaya. Akavuta kiti. "Nenda hospitali. Ukipona, kiti chako hiki hapa. Jicho likikataa, nitakuhamishia mapokezi."

"Mapokezi kuna watu," alisema Mama Tope, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, anatolewa asubuhi, mchana uko kwako. Sharti moja: uje na mtu wako wa kukurudisha nyumbani na kukuwekea dawa. Nikampeleka, akarudi na jicho lake vilevile.

"Vipi, dada?"

"Wamejaa."

Nikampeleka tena. Wamejaa. Nikajisemea, hii hospitali au stendi? Safari iliyofuata nikaingia naye, nikisingizia choo. Nikamkuta nesi anamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, bila mtu hatukupasui. Kweli huna hata mmoja?"

"Mwanangu amesema mwezi ujao."

"Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo."

"Mwezi wake unatembea," alisema Mama Tope. "Basi natafuta mwingine."

Alilisema hilo "natafuta" kwa sauti ileile anayojibia akiulizwa kigamba kilichopotea. Miguu yangu ikanipeleka dirishani kwa nesi.

"Mtu wake ni mimi."

Nesi akanitazama. "Wewe nani yake?"

"Dereva."

"Mama, nimesema mtu, sikusema gari."

Mama Tope akanigeukia, akanipima kwa lile jicho zima. "Andika mdogo wangu."

"Mdogo na kipara hiki?" nikauliza.

"Kwani wadogo hawazeeki? Andika, nesi, kabla hajakimbia."

Wakampasua, mchana nikamshusha getini kwake na bandeji yake. Kesho yake wakamfungua bandeji, akasoma mpaka herufi za chini kule ambako mimi niliona nzi tu. Daktari wa macho akamwambia baada ya wiki chache atarudi kwenye hadubini yake. Kwenye gari akaniangalia sana.

"Kumbe ndevu zako zina mvi."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani hunyoi vizuri."

Tulipofika getini sikuagwa. Dawa ilikuwa ya kuwekwa na mtu, kwa hiyo nikaingia. Meza, viti viwili. Kimoja chake, kingine kimebeba nguo zilizokunjwa, na mto wake wa kukalia ulikuwa bado mpya. Akazihamisha nguo. Akainua uso, nikamdondoshea matone kwa haya mavidole yangu ya usukani, la kwanza likaenda sikioni.

Alipofungua macho hakuniangalia. Alitazama ukuta. Ulikuwa umeota ukungu kutoka dari mpaka dirishani, buibui wamejenga kona zote, na picha ya marehemu mumewe huoni uso, vumbi tupu. Akasogea, akapitisha kidole juu ya kioo cha picha, akakiangalia kile kidole.

"Hapa pamekuwa hivi tangu lini?"

"Sijui, dada," nikasema. "Mimi nilikuwa naishia getini."